Jiwe la Salima na Bega Lako, Baba

Lakini habari ya jiwe sikukumalizia, baba mpenzi, maana siku ile tulipopita kaburini kwako nilikuwa na haraka ya bwana harusi, na bwana harusi hana masikio wala akili. Nilikuonyesha mke tu. Nilisema, "Baba, huyu ndiye Salima," nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, naye Salima akapiga magoti akakuamkia, "Shikamoo, baba," kwa sauti ndogo, kama mtu anayechelea kumwamsha mgonjwa. Kisha tukashika njia. Jiwe lilikuwa begani mwangu muda wote ule. Sikulishusha. Hilo ndilo ninalotaka kukueleza leo, pamoja na jambo jingine lililo nyuma yake, ambalo nimelificha tangu utoto wangu.

Usishangae mwandiko. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, na herufi zangu zinalala kama mtama uliopigwa na upepo. Leo ni Jumamosi alasiri, wanafunzi wamekwenda kwao, na Salima yuko nje anapepeta uwele huku akiimba. Baba, laiti ungemsikia! Miezi miwili nimemwoa na bado akiimba ninasahau nilichokuwa nikifanya. Juzi nilisahau chaki mdomoni. Ana mwanya mdogo mbele, na akicheka anaufunika kwa kidole, nami kazi yangu duniani sasa ni kumchekesha mpaka asahau kukiinua kidole hicho. Nyumba yetu ni tembe la vyumba viwili nyuma ya shule ya serikali. Gari la moshi likipita kuelekea bara, udongo wa dari unadondoka kwenye chakula, naye anashtuka ananing'ang'ania mkono. Ananishika mkono wa kulia, huo huo unaouma. Machozi yananitoka kwa maumivu na kwa furaha, na mpaka mwezi huu hakujua ni yapi ya kipi.

Sasa jiwe. Kwao Salima, bibi harusi haendi kwa mumewe bila jiwe lake la kusagia. Hilo lilikuwa la bibi yake, jeusi, limechimbika katikati kwa miaka ya kusaga, na ni zito kama mtoto anayekataa kubebwa. Baba mkwe, mtu mpole sana, alisema, "Mwalimu, chukua punda wangu. Utamrudisha baadaye."

Shemeji zangu wakaangua kicheko. "Mpeni punda jamani! Mwalimu kazoea kubeba chaki!"

"Hata chaki yenyewe hubebewa na wanafunzi!"

Salima alikuwa amesimama pale, ananitazama. Ungefanya nini, baba, wewe uliyebeba pembe kutoka bara mpaka pwani? Nikasema, "Punda wa nini? Mimi mtoto wa mpagazi." Nikalibandika jiwe begani. Begani kulia, ulipokuwa ukibeba wewe.

Nilikumbuka sheria yenu ya njiani. Ulinisimulia mara nyingi, tukiota jua mbele ya nyumba: mzigo hupanda begani kambini na hushuka kambini. Anayebadili bega njiani hutungiwa wimbo, na wimbo humfuata mpaka pwani. "Hata nzi akitua puani," ulisema, "unamwacha atue." Basi siku tatu za mwendo sikubadili bega. Salima alisihi, "Mume wangu, weka huku basi, bega la kushoto nalo lina kazi gani?" Nami nikajibu maneno ya kijinga ya mapenzi, kwamba jiwe lake ni jepesi kama unyoya. Pale kaburini kwako mkono wa kulia ulikuwa umeshika jiwe. Nilikuombea dua kwa kiganja kimoja, cha kushoto.

Tulipofika Msalato, na kuanza kuiona Dodoma kwa mbali na moshi wa gari ukipanda, bega lilikuwa limekufa ganzi. Nikadhani limechoka. Nilipolishusha jiwe uani kwetu nilisikia kitu kimejikunja ndani ya bega, kama kamba iliyokatika na kurudi. Salima alikuwa anazunguka nyumba yetu akigusa kila ukuta, anasema, "Yetu hii? Na huku pia ni kwetu?" Nani angeharibu saa ile kwa kulalamikia bega?

Wiki ya kwanza sikuweza kulala upande wa kulia. Wiki ya tatu vidole viwili vya mwisho vikaanza kufa ganzi. Mkono ukawa haupandi. Nilianza kuandika chini ubaoni, kila siku chini zaidi, hata wanafunzi wa nyuma wakawa wanasimama ili waone. Siku moja mmoja akauliza kwa adabu zote, "Mwalimu, kesho tuje na mikeka tusome tukiwa tumelala?" Darasa zima likacheka. Nami nikacheka, huku jasho likinitiririka mgongoni, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kusikia kwamba bwana mkubwa wa boma atakuja kuikagua shule mwezi huu utakapokwisha. Mwalimu asiyeweza kuinua mkono ubaoni hana kazi shuleni. Na mwenye kazi ndiye mwenye tembe. Salima angegusa kuta zipi tena na kusema ni zetu?

Tabibu mmoja wa kambi ya reli alinifunga kitambaa shingoni, akaniambia niupumzishe mkono. Nikaupumzisha siku nne. Ulipofunguliwa ulikuwa mgumu zaidi.

Salima aligundua kwa sababu ya kanzu. Ilikuwa Ijumaa, ninajiandaa kwenda msikitini, na kanzu, kama unavyojua, haivaliki bila kuinua mikono. Nilikuwa nimevumbua njia yangu: ninaitandaza sakafuni, ninaingia kwa chini kama nyoka, nikijisukuma kwa visigino. Akafungua mlango. Akanikuta nimekwama, kichwa kimo ndani, miguu inapiga vumbi.

"Mume wangu," akasema, "unaogelea?"

"Ninafanya mazoezi," nikajibu kutoka ndani ya kanzu.

Akacheka hadi akakaa chini. Kisha akanivuta ile kanzu, akaona nilivyoumanisha meno, na kicheko kikakatika. Akanigusa bega. "Ni jiwe langu," akasema. "Ni jiwe langu hili limefanya." Akalia, baba. Akatoka nje akalipiga jiwe teke, akaumia kidole cha mguu, tukawa wagonjwa wawili.

Ndipo aliposema, akifuta machozi, "Wanawake kisimani wananiambia kuna bibi huko Msalato ananyoosha viungo. Ni mzee sana lakini mikono yake bado imara. Wanamwita Bibi Matika."

Jina hilo nililijua. Nilidhani alikwisha kufa zamani. Na Mungu anisamehe, nilikuwa nimelitumaini hilo.

Sasa sikiliza, baba. Hapa ndipo lilipo lile nililolificha.

Unakumbuka uliporudi safari ile, baada ya kuteleza na mzigo kwenye mteremko wa mawe. Ulikuja na mkono umening'inia, bega limetokeza mbele kama jiwe ndani ya mfuko. Mama alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka mmoja kabla. Tulikuwa wawili tu. Bibi Matika alikuja kutoka ng'ambo ya mto, mwendo wa nusu siku, na kibuyu chake cha samli na majani ya mnyonyo. Alikukanda asubuhi nzima, mgongo kwanza, kisha shingo, kisha kombe la bega, wewe ukiguna tu na kunikonyeza ili nisiogope. Halafu akaniita.

"Wewe ndiye mtu wa nyumba hii? Kaa nyuma ya baba yako. Mzungushie mikono kifuani, ufunge vidole. Nikivuta, wewe ndiye nguzo. Usiachie mpaka nikwambie."

"Na nikiachia?" nikauliza.

"Ukiachia, mimi naondoka. Na sirudi kwa kuitwa na mtu mwingine, hata awe nani. Utanifuata wewe mwenyewe, na unga mkononi, uniambie umekuja kushika tena. Ndivyo tunavyofanya kazi hii. Aliyeachia ndiye anayerudi kushika."

Aliweka kisigino chake kwapani mwako, akashika kiwiko, akavuta. Ukapiga ukelele. Sikuwa nimewahi kukusikia ukilia, baba. Hukulia hata siku ya mama. Sauti ile haikuwa yako, ilikuwa ya mnyama, na chini yake nikasikia mfupa unasaga. Nikadhani unakufa mikononi mwangu na kwamba ninabaki peke yangu duniani. Nikaachia. Nikamrukia Bibi Matika nikamng'ata kidole mpaka nikaonja damu.

Wewe ulikuwa chini, unahema. Ulisema, "Usimpige. Kaogopa." Hayo tu.

Siku ya tatu uliniita. Uliujaza unga wa uwele kwenye bakuli la mti, ukaufunika kwa kitambaa, ukaniambia, "Nenda kamwite bibi. Safari hii tutashikana vizuri." Ulitabasamu. Mkono ulikuwa umevimba mpaka vidoleni.

Nilifika mtoni tu. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mweupe mtupu. Nikakaa. Kila nilipotaka kunyanyuka nilisikia ule ukelele. Nilikaa mpaka jua likapita utosini, na halafu nikaumimina unga mchangani, nikaufukia kwa miguu, nikarudi nyumbani na bakuli tupu. Nilikuwa nimejifunza la kusema njia nzima. Nikasema, "Bibi Matika hawezi kuja. Anasema mfupa umekwisha kukauka. Hakuna kazi tena."

Ulinitazama usoni. Ukainamisha macho, ukaitazama miguu yangu. Kisha ukainama, ukaipangusa miundi yangu kwa mkono wa kushoto, taratibu, mmoja na wa pili, kama mama alivyokuwa akinifuta nikitoka kucheza. "Nenda kale," ukasema.

Haukupanda tena mkono ule. Ukahamia bega la kushoto, ukabeba mizigo midogo nyuma ya msafara, na wimbo ukatungwa, nami nikausikia ukiimbwa na watu waliokuwa wakikuogopa zamani. Katika sala, ulipotoa takbira, mkono wa kushoto ulifika sikioni, wa kulia ukabaki kiunoni kama nguo iliyoanikwa. Katika dua ulifungua kiganja kimoja. Mara nyingine nilikaa ubavuni mwako, nikakiinua kiganja chako cha kulia kwa mikono yangu miwili, ili uombe kwa viganja vyote. Ulisema, "Ahsante, mwanangu." Mimi ndiye niliyekuwa nimekivunja, nawe ukaniambia ahsante. Baadaye ukanipeleka pwani kwenye shule kubwa, miguu hii uliyoipangusa ikatembea nyuma yako siku zote zile, na mlangoni ukasema, "Wewe kabebe kalamu. Kalamu haina bega." Ulikufa nikiwa darasani. Sikukuambia.

Basi ndivyo nilivyokwenda Msalato Jumapili ile, nikiburutwa na Salima, nikitunga sababu za kurudi. Nilisema nina homa. Nilisema kuna daftari sijasahihisha. "Mwalimu," Salima akasema, "ukisema neno jingine nakubeba mimi, na wewe si mzito kuliko jiwe."

Bibi Matika amekuwa mdogo, baba. Macho yana ukungu. Alikuwa amekaa kwenye ngozi ya ng'ombe mbele ya mlango wake, samli ikiyeyuka kwenye kigae juu ya makaa. Tuliamkia, akaitikia, hakuuliza jina. Alinilaza kifudifudi. Nilishukuru kwamba haoni.

"Bega la kulia," nikasema.

"Nyamaza. Bega litangoja. Kilichofunga bega kiko huku." Akashuka na dole gumba kwenye uti wa mgongo, pingili moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta ufa kwenye ukuta. Katikati ya mabega akasimama, akabonyeza. Nikaruka. "Huyu hapa," akasema. "Umebeba nini wewe?"

"Jiwe la kusagia, bibi," Salima akajibu. "Siku tatu. Hakubadili bega."

"Kwa nini?"

"Mapenzi, bibi."

Bibi kizee akatema mate pembeni. "Punda wote walikufa?"

Akanikanda kwa samli na majani ya moto mpaka nikalainika, akanikalisha, akanishika kichwa kwa mikono miwili. Nikajua anataka kufanya nini na shingo yangu. Nikaanza kutamka shahada.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Najiandaa, bibi."

"Jiandae kwa mdomo uliofumbwa. Na safari hii usining'ate."

Sikuwa na muda hata wa kushtuka. Aliizungusha shingo, ikalia kama kuni kavu, kwanza upande huu, kisha ule. Nilidhani nimekufa, na kwa kweli nilipofungua macho na kumwona Salima nilidhani niko mahali pazuri zaidi. Lakini Bibi Matika alikuwa ameinua kidole chake mbele ya uso wangu. Kuna kovu dogo, la meno ya mtoto.

"Mtu anayeogopa hivi kabla sijavuta nimempata mmoja tu maishani," akasema, "na huyo alikuwa nyuma ya mgonjwa. Wewe ni mtoto wa yule mpagazi. Nilikungoja. Siku tatu nilichemsha majani."

Salima alinitazama. Nilitaka ardhi ya Msalato inimeze. Nikasema yote, baba, pale pale kwenye ngozi, mbele ya mke wangu wa miezi miwili: mto, unga, bakuli tupu, maneno niliyomtungia bibi huyu. Sikuweza kumwangalia Salima. Niliwaza, sasa amejua ameolewa na mtu gani.

Bibi Matika alikuwa anafuta samli vidoleni, hana haraka. "Baba yako alikwisha kuniambia," akasema.

"Alikwambia nini?"

"Alipita kwangu na msafara, mvua za mwaka uliofuata. Akanisalimu kwa mkono wa kushoto. Nikamfokea, nikamwambia, mbona hukumtuma mtoto? Akasema, 'Nilimtuma, bibi. Karudi na unga miguuni.' Nikamwambia, mchape, umtume tena, mkono bado unarudi! Akasema, 'Hana mama. Ameogopa mimi nisife. Nikimchapa kwa hilo, atamkimbilia nani?'"

Baba.

Baba yangu.

Ulijua. Uliipangusa miguu yangu ukijua unapangusa nini. Uliniambia ahsante ukijua. Ulitembea nyuma ya msafara, ukaimbwa, ukaomba kwa kiganja kimoja miaka yote ile, na hukutaka hata nijue kwamba unajua.

Nilirudi nyumbani siku ile shingo yangu ikigeuka kama ya bundi, vidole viwili vimeanza kusikia tena. Njiani Salima alitembea mbele yangu. Tulipofika karibu na reli nilishindwa nikasema, "Sema kitu. Hata unitukane."

"Ulikuwa mtoto," akasema.

"Na sasa?"

"Sasa ni mume wangu mwoga." Akanishika mkono, safari hii wa kushoto. "Mwenyewe nilidhani nimeolewa na mtu asiyeogopa kitu, anabeba mawe. Nilikuwa nakuogopa kidogo, unajua? Sasa sikuogopi."

Jumapili ya pili bibi alilifungua kombe la bega. Mkono sasa unafika usawa wa kifua, na wanafunzi wamerudi kukaa. Lakini bega lenyewe bado limeng'ang'ania, na kesho ndiyo kazi kubwa. Kesho ni kisigino kwapani na kuvuta. Na lazima mtu wa nyumba yangu anishike kwa nyuma, na mtu wa nyumba yangu ni mmoja.

Ninaogopa, baba. Nikuambie wewe, kwa kuwa kwingine nimechoka kujifanya shujaa. Naogopa sauti ile, kwamba kesho itatoka kwenye koo langu. Nimejaribu kuahidi kwamba sitapiga kelele, lakini wewe ulikuwa simba, ukapiga. Naogopa mikono ya bibi imezeeka. Naogopa mfupa utakuwa umekauka kweli, kana kwamba uongo wangu ulikuwa unanisubiri mimi miaka yote hii ili utimie. Namwogopa bwana mkubwa, na ubao wake. Lakini zaidi ya yote namwogopea Salima, mikono yake myembamba imefungwa kifuani mwangu, akisikia nilichosikia mimi. Akiachia sitamlaumu. Nimemwambia hivyo. Nimemwambia, ukiachia nami nitaipangusa miguu yako.

Akanikata maneno. "Nani kasema naachia?"

Juzi mchana nilitoka darasani mapema, nikamkuta amekumbatia nguzo ya katikati ya nyumba, macho ameyafumba, vidole amevifunga, uso umeiva kwa nguvu.

"Salima! Unafanya nini?"

"Usinisemeshe. Najifunza."

"Unajifunza nini?"

"Kutoachia. Piga kelele."

"Nipige kelele?"

"Piga, ya kweli. Kama baba."

Nikasimama pale katikati ya nyumba yangu, mwalimu wa serikali, nikapiga ukelele. Kuku wakatawanyika. Jirani akaja mbio na jembe. Na Salima, baba, Salima hakuiachia nguzo. Alitetemeka mwili mzima, machozi yakamchirizika, lakini vidole vyake havikufunguka. Nilitamani kuwa ile nguzo. Jirani alirudi kwake akitikisa kichwa, na jioni kisimani ikasemwa kwamba mwalimu amerogwa.

Unga umekwisha kuwekwa tayari, unga wa uwele, ameusaga leo asubuhi kwenye jiwe lile lile. Aliupepeta mara mbili. Umo kwenye bakuli la mti, umefunikwa kwa kitambaa, uko pembeni yangu ninapoandika. Bibi Matika hakuudai. Nilipomwuliza kama bado anaupokea, alisema, "Kama ni ule uliopaswa kuja zamani, ulete." Kwa hiyo kesho nitauchukua mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, na hakuna mto baina yetu na Msalato ambao utanifanya nikae chini. Nitamwambia, bibi, nimekuja kushika tena. Najua hakuna wa kumshika. Nitasema tu.

Najua pia hukujua kusoma, na kwamba karatasi hii haiwezi kufika ulipo kwa mtu wa posta. Nitaileta mwenyewe, nikusomee kwa sauti, na Salima atanisahihisha nikiruka mahali, kwa sababu nimekwisha kumsomea. Shule inafungwa baada ya ukaguzi, na mimi nikiwa bado mwalimu au nimekwisha kufukuzwa, njia ni ile ile. Safari hii sitabeba jiwe. Nitakaa mbele yako mikono mitupu, niinue viganja vyote viwili nikuombee, cha kushoto na cha kulia. Na ikiwa kesho haikuwa kheri na cha kulia kikakataa kupanda, Salima atakaa ubavuni mwangu akiinue kwa mikono yake, nami nitamwambia ahsante.

Tunakuja, baba, mimi na yeye, mwezi mpya ukiandama.

Mwanao,
uliyempangusa miguu